Ngazi ya Wanawake wa Titye

Jumatatu, 10 Juni 2013. Titye
Vumbi mpaka kwenye meno. Maswali yale yale ya utafiti: nani analala hapa, watoto jana walikula nini, nani anasoma, nani ameacha shule. Mwisho natoa picha ya ngazi. Juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe umesimama wapi? Dafroza, mwalimu wa chekechea anayenitafsiria Kiha, ndiye anayeuliza. Wanaume wanachagua katikati. Wanawake wote wanaonyesha chini, tena udongoni, hata kipandio cha kwanza hawakigusi; naandika sifuri. Na wanacheka. Nimekichoka hicho kicheko.

Jumatano, 12 Juni
Mtandao unashika karibu na shule tu. Nimempigia mama mkwe, Muheza. Aliyekuwa mama mkwe, niseme. Mwajuma anacheza, kasema. Kila nikipiga mwanangu anacheza au amelala. Nilipoachika alikuwa na miaka mitatu, sasa ana sita. Sharti lake halijabadilika: nipate kazi ya kueleweka na chumba changu, ndipo nikamchukue. Kazi yenyewe ni hii. Wakiridhika na Titye, watanipa mkataba wa mwaka mzima, Kibondo. Namchukia yule mama. Simlaumu lakini.

Ijumaa, 14 Juni
Bwana Kimaro, msimamizi wetu, kapiga simu kutoka Kasulu mjini. Haiwezekani wanawake wote wawe sifuri, kasema. Kaniuliza kama nakaa chumbani najijazia majibu mwenyewe. Anakuja Jumanne. Asiporidhika, nifunge mizigo nirudi Tanga. Nilijibu kwa adabu, nikakata simu, nikapiga teke ndoo. Ndoo ya watu. Hata Dafroza nimemnunia, na hajanikosea kitu.

Jumapili, 16 Juni
Dafroza alikuwa kanisani, mimi nafua. Upepo ukairusha kanga yangu juu ya nyumba ya Mama Ansila, mjane niliyepanga kwake. Ngazi ilikuwa imeegemea ukutani. Nikapanda. Sijaishika hata pindo, nasikia ukelele: "Yooo! Shuka! Shuka!" Mama Ansila kashika kichwa kwa mikono miwili. Majirani wametoka. Nikadhani paa linabomoka. Nikashuka mikono mitupu. Jirani mwanamume akapanda, akaileta, akaiweka chini karibu na miguu yangu. Hakunipa mkononi.

Dafroza aliporudi ndipo nikaelezwa. "Dada Zaituni, mwanamke wa Kiha hapandi ngazi wala juu ya nyumba. Ni mwiko. Akipanda analeta mikosi." Mbona hukusema, nikamuuliza, na picha ya ngazi unaiona kila siku? "Si karatasi imetoka Dar? Nikajua mnajua."

Nilicheka. Halafu nikalia. Kilio ndicho kilichodumu.

Jumatatu, 17 Juni
Mama Ansila haitikii salamu. "Mwakeye" yangu ya Kiha kibovu, ambayo humchekesha kila asubuhi, leo imeanguka chini. Nimeomba radhi mara ya pili. Mchana kanisukumia beseni la mihogo nimenye. Nadhani nimesamehewa. Au nusu.

Sikwenda kazini. Naogopa kesho.

Jumanne, 18 Juni
Kimaro kafika, shati limenyooka kama anakwenda harusini. Akamuuliza Mama Ansila mwenyewe, kwa picha ile ile. Udongoni. Kimaro akanitazama. Nikaomba maharage, nikahesabu punje kumi kwenye ungo. Zote kumi ni maisha mazuri kabisa. Achukue zinazomtosha kusema yake. Dafroza akatafsiri. Mama Ansila hakucheka. Akachambua taratibu, kama anayetafuta zilizobunguliwa, akachukua sita. Akafikiri. Akarudisha moja. "Hii ilikuwa ya mume wangu."

Kimaro akaita majirani wengine. Kila mmoja na idadi yake. Mmoja mbili tu, na hakutaka kutazamwa usoni. Nilikuwa nimemwandikia sifuri pamoja na wale wenye nane, na hakuna ambaye angejua tofauti.

Turudie swali hili kwa wanawake wote, kasema Kimaro. Radhi hakuomba. Sikuihitaji. Nilitaka kazi tu.

Jumapili, 30 Juni. Kibondo
Nimesaini mkataba Ijumaa. Nimepata chumba nyuma ya soko, kina dirisha, na ufunguo ni wangu. Asubuhi huku kuna baridi. Nimenunua sweta ya mtoto, ya mtumba lakini nzuri. Nimekisia kimo.

Baada ya chakula nikapiga Muheza. Nilikuwa nimejipanga namna ya kumwambia yule mama, bila kujigamba. Simu ikapokelewa na mtoto. Sauti ya msichana mkubwa kidogo, imetulia. "Shikamoo." Nikaitikia. Bibi yuko shambani, akasema, simu kaiacha nyumbani. Mwanangu ana adabu sana. Amelelewa vizuri, lazima niliandike hilo.

Akauliza akirudi amwambie nani kapiga.

Nikamwambia, Zaituni.