Kanti, Pampu Yako Imefika

Kanti ndugu yangu,

Kasha lako limefika. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza nimeamkaje.

Lilikuja kwa treni. Karani wa stesheni alisoma jina lako kwa sauti mbele ya watu, nikaitika mimi. "Wewe ndiye Kanti?" akauliza, ananitazama juu mpaka chini. Nikamwambia Kanti amefariki, mimi ni mwenzake, lori ni letu sote wawili. Akanisogezea kalamu nisaini.

Nililifungulia gereji kwetu Igogo, mlango nimeurudishia. Pampu ya dizeli mpya, nozeli zake, mabomba, chujio, vyote vimeviringishwa kwenye karatasi yenye mafuta kama vilivyotoka kiwandani. Sisi tuliozoea kuchonga vipuri kwa tupa, hiki tumekitoa kwenye gari bovu, kile kwenye trekta la watu, leo seti nzima. Nilikaa juu ya tairi nikaitazama. Halafu nikakuita uje uone. Nilikuita kweli, Kanti, kwa sauti, na nikasubiri.

Nilikwenda posta nikampelekea dada yako Hansa, huko ng'ambo, simu ya maandishi, kumuuliza kama anataka irudishwe, maana aliituma ukiwa hai. Alijibu kwa maneno machache: ifunge kwenye lori, Kanti alikuwa anaitaka sana.

Kuna jambo sijakusimulia, la siku ile tulipokuaga. Ndugu zako walikwishaondoka nchini wote, mmoja mmoja, tangu nyumba za kupangisha zilipotaifishwa. Wewe ulibaki, ukasema utakwenda kufanya nini mahali pasipo na ziwa. Basi tulipofika kule wanakochomea, kuni zimepangwa na wewe umelazwa juu yake, yule mzee wa hekaluni akauliza, "Nani mtu wake?" Wachache waliokuja wakatazamana. Hakukuwa na mtoto wako, wala kaka, wala hata binamu. Nikasema, "Mimi."

Mzee akaniambia kwa upole kwamba mimi si wa dini yenu. Nikamjibu kwamba najua, lakini nimekula na huyu mtu kila mchana tangu tukiwa vijana, na aliyempokea alipoanguka ni mimi. Alifikiri sana. Kisha akanipa kijinga cha moto mkononi na kunionyesha pa kuzungukia. Nilikuwasha mimi, Kanti. Kesho yake tukaenda na mzee ufukweni upande wa Kirumba, tukakuweka majini ukiwa majivu. Maji yalikuwa yametulia. Tulirudi kwa miguu.

Baada ya hapo sikuligusa lori. Lilikaa juu ya magogo kama ulivyoliacha likisubiri pampu, kuku wa jirani wakitaga kwenye kiti chako. Mke wangu, Mama Kulwa, yuko kule kijijini upande wa Misungwi na watoto wetu, tangu watu walipohamishiwa vijijini, na kila akinitumia salamu anauliza nakwenda lini. Nilimjibu kwamba nina kazi mjini. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nafagia gereji, nakaa, nafagia tena.

Aliyenitoa hapo ni katibu wa kijiji chao. Alikuja na vumbi lake la safari, akasema pamba yote ya kijiji imelundikwa kwenye darasa la shule, malori ya ushirika mengine mabovu, mengine hayana dizeli, na mvua zinanukia. Watoto wanasomea nje. "Ndugu Masalu," akasema, "lile lori lenu haliwezi kuja hata mara moja?" Nilitazama kasha lako, nikamwambia anipe wiki.

Kuifunga ile pampu hakukuwa rahisi. Injini yetu ni ya zamani, na hii imetengenezwa kwa injini za aina hiyohiyo lakini za siku hizi. Matundu ya kikalio chake, pale inapofungwa kwenye injini, hayakukubaliana, ikabidi nichonge kikalio kingine cha chuma. Bomba la nyuma liligoma kufika, nikalikunja upya taratibu nikiogopa lisipasuke. Hayo yote niliyaweza peke yangu.

Nilipofika kwenye taimingi, kulinganisha mwendo wa pampu na wa injini, ndipo nilipokwama. Unajua kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja alale chini ya lori na spana kwenye nati ya mbele, aizungushe injini kidogo kidogo; mwingine awe juu, macho kwenye pampu, atazame dizeli inavyodondoka, na ikikatika tu apige kelele. Juu ulikuwa wewe siku zote. "Simama hapohapo, usipumue," ndivyo ulivyokuwa unasema. Nilizungusha, nikatoka chini mbio kutazama, imekwishapita. Nikarudi chini. Nikazungusha tena. Siku nzima ikaisha hivyo. Vijana wa gereji ya pili walijitolea, nikawafukuza. Sikutaka mtu asimame mahali pako.

Mama Adelina, yule mama wa Kihaya tunayenunua kwake ndizi za mchana, alileta sahani yangu akanikuta chini ya lori. "Baba Kulwa," akasema, "unaongea na nani humo?"

Sikujua kama nilikuwa naongea. Nikamwambia ukweli. "Na Kanti."

Hakucheka wala hakunipa pole. Niliona miguu yake ikizunguka kwenda upande wa pampu, nikasikia sahani ikiwekwa juu ya bati la lori. "Nitazame nini huku?"

Nikamwelekeza kitone cha dizeli. Nikaanza kuzungusha, na yeye juu akawa anasema pole pole, kama anayemhesabia mtoto, "Inadondoka. Inadondoka. Bado. Inadondoka. Imekatika."

Nilisimamisha mkono. Nikabaki nimelala pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, na mama wa watu hakuniita. Nilipotoka alinipa kitambaa chake nijifute uso, akasema chakula kinapoa.

Tulitoa hewa kwenye mabomba, nikaazima betri, na lori likawaka. Kwanza lilikohoa moshi mweusi mpaka mama Adelina akakimbia, halafu likatulia. Kanti, sauti ile hujaisikia. Siku zile likifika kwenye kilima cha Buhongwa lilikuwa linalia kama linaumwa. Safari hii lilipanda na gia ya tatu, bomba halitoi hata moshi, na mimi peke yangu ndani nashindwa kufurahi sawasawa, kwa sababu furaha yenyewe ilikuwa na mtu wake wa kuambiwa na hakuwepo.

Pamba tumeitoa yote. Mvua ilinyesha tukiwa tumebakiza mzigo mmoja, tukaufunika kwa turubai ukafika mkavu kwenye kiwanda cha kuchambulia. Darasa limefagiliwa, watoto wamerudi ndani. Kulwa na Doto walitaka kujua nani aliyetengeneza lori. Niliwaambia ni wewe na mimi, na sikuona kwamba nimewadanganya.

Usiku ule Mama Kulwa alinitengea maji ya kuoga, akaniuliza kitu kimoja tu: "Kule mjini umebakiwa na nani?"

Swali hilo ndilo sababu ya kukuandikia. Naondoka Mwanza, Kanti. Kijiji kimeniomba lori likae kule, libebe pamba, na wagonjwa wanapohitaji kufikishwa hospitali. Funguo za gereji nimewapa wale vijana niliowafukuza. Nilikawia kukubali kwa sababu ya jambo moja: huku ndiko uliko, na nikienda nitakuwa nimekuacha peke yako.

Nakuahidi hivi. Kila nikileta pamba, kabla sijakwenda kupanga foleni kiwandani, nitapitia Kirumba. Nitashuka mpaka majini nikueleze pampu inavyokwenda, watoto walivyo, na habari za Hansa akiandika. Sitakaa sana. Nikija nitakuwa mgeni katika mji huu, na mwenyeji wangu utakuwa wewe.

Kwaheri, ndugu yangu.

Masalu