Nani Atanikunia Nazi

Jumatano, 2 Mei 1984

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja palepale pa mwaka jana. Mke wangu Sidi ameshinda kwenye kiti cha kamba, kulala chali hawezi, pumzi zinamkatika. Miguu imevimba hadi magotini. Daktari wa Malindi kasema ni moyo, ati umekuwa mkubwa. Nikamwambia, moyo wako mkubwa siku zote Sidi, ndiyo maana ukanivumilia. Hakucheka. Mzaha mbovu. Naujua mzaha mbovu ukinitoka, kazi hii ya kuchekesha watu nimeifanya tangu tukitawaliwa na wazungu.

Jioni kaja Thuku, yule wa bara mwenye duka la kaseti karibu na soko. Kavuka daraja la Sabaki kwa miguu kwenye mvua yote ile, suruali kaikunja, viatu mkononi! Anataka nirudie kilio changu kwenye kaseti. Santuri zetu zimekwaruzika zote, na watu hawachoki kumwuliza: Mzee Kwikwi yu hai bado? Nikamwambia, waambie yu hai kidogo.

Nikamwuliza nani atakuwa mke. Sidi kadakia kutoka kitini: mtafute msichana, mimi pumzi sina. Thuku katazama chini. Nikamwambia nitafikiri.

Jumapili, 6 Mei 1984

Leo afadhali. Sidi kanywa uji kikombe kizima. Kataka tuzungumze mambo ya zamani, basi tukazungumza.

Ukumbi wa sinema Malindi, tungali vijana. Picha ya kwanza ikiisha, fundi akibadilisha mikanda, sisi ndio tunapanda jukwaani watu wasiondoke. Sidi analala juu ya meza, kafunikwa leso — maiti. Mimi mume naingia na nazi mkononi, namwona, naanza kulia. Simlilii mke, nalilia tumbo langu. Sauti inaanzia chini, inapanda, inapanda, inakatika. Kwikwi! Kwikwi! Halafu: "Nani atanikunia naziii?" Na maiti huyo anaketi kitako, mkono kiunoni: "Kuna mwenyewe!"

Lo! Ukumbi mzima ulikuwa ukiruka. Kisha tukaitwa Mombasa kuutia mchezo huo kwenye santuri. Chumba cha joto, hakuna hata feni, na tukikosea neno moja tunaanza upya. Sidi alikuwa na mimba ya yule mtoto tuliyempoteza. Alilala chini sakafuni siku nzima, kufa na kufufuka, kufa na kufufuka. Hakulalamika. Na juu ya santuri wakaandika jina langu peke yake. Leo kasema hilo liliwahi kumuuma. Sikujua! Miaka yote hii sikujua.

Watu hudhani kile kilio nilikibuni. Sikubuni chochote. Ndivyo nilivyo. Mama alipokufa nililia hivyo hivyo, na kwikwi zake, na watoto wa majirani wakaanguka chini kwa kucheka. Nikaona hapa pana kazi. Nikakipeleka jukwaani kama kilivyo.

Sidi anajua. Ndiye peke yake anayejua. Leo kanishika mkono, kaniambia: nikifa, usinililie ile ya santuri. Nililie kama mtu anavyomlilia mtu. Nikasema, ebo, nani kasema unakufa? Kasema, nenda kwa Thuku. Lakini mimi nitafutie kingine.

Jumanne, 8 Mei 1984

Nimekwenda. Chumba cha nyuma cha duka, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia makelele ya barabarani. Msichana aitwaye Easter ndiye maiti. Ana adabu, kaniamkia shikamoo, kasema bibi yake aliijua santuri yetu kwa moyo. Lakini "Kuna mwenyewe" yake ni kavu, anaitoa upesi upesi kama anaungua. Sidi alikuwa akisubiri. Anawaacha watu wacheke kilio, wachoke, waanze kunyamaza — hapo ndipo anaketi. Nani atamfundisha mtu kusubiri vile?

Mimi nimelia vizuri. Vizuri kupita nilivyolia ujanani, maana nilikuwa nikimwona Sidi kwenye kile kiti, peke yake, akivuta pumzi. Machozi ya kweli kabisa. Thuku kalazimika kujiuma mkono asicheke ndani ya maikrofoni. Mzee wewe ni hatari, kaniambia.

Nimerudi, Sidi kauliza: umelia vizuri? Nimesema ndiyo. Kasema, hewaa.

Ijumaa, 11 Mei 1984

Tumemkimbiza Malindi kwa pikapu ya samaki. Nimempakata njia nzima. Midomo imebadilika rangi. Nesi kasema wanaume nje.

Jumamosi, 12 Mei 1984

Sidi amefariki. Saa tatu asubuhi.

Nilikuwa koridoni. Kadii, dada yake Sidi, ndiye aliyetoka wodini kuniambia. Nilitaka kusema kitu, badala yake kikatoka kile kilio. Chini, juu, kikakatika. Kwikwi. Sikukiita! Kulikuwa na watu kwenye benchi wanasubiri dawa. Bwana mmoja kainua kichwa, kakunjua uso, kama mtu aliyekutana na rafiki. "Si Mzee Kwikwi huyo!" Na benchi zima wakacheka. Si kwa ubaya. Walifurahi kuniona, maskini. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alikuwa anajipangusa macho kwa kucheka.

Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nikatoka nje nikasimama uani hadi kilipotulia.

Jumatatu, 14 Mei 1984

Matanga yamejaa. Wametoka Magarini, wametoka Gongoni, hata watu nisiowajua. Wengine wananipa mkono wa pole huku midomo inawacheza. Nawaona. Nimewatazama watu usoni maisha yangu yote, naijua midomo inayojizuia.

Tangu juzi sijatoa sauti. Nikihisi kilio kinapanda natembea hadi mgombani, nauma kanga ya Sidi hadi kishuke. Nikirudi macho yamekauka. Basi wamenisema. Nimewasikia wake za kaka zake: mume gani huyu, jicho kavu. Ati huenda alikuwa amemchoka. Ati huenda anajua kilichomwua. Mimi!

Usiku ulipoingia, Kombe kaniita kando. Ni kaka yake Sidi mkubwa, ndiye msimamizi wa maziko. Kasema: mlamu, unajua desturi ya ukoo wetu. Kesho kabla maiti hajatoka nyumbani, mume ndiye anayefungua kilio. Analia yeye kwanza, peke yake, watu wote kimya, kisha wanawake wanapokea. Usipolia, dada yangu hatoki mlangoni. Na ukilia ule upuuzi wenu wa redioni, utanikosea adabu mbele ya watu, nami sitakuvumilia.

Nikamwambia Kombe, sina kingine.

Alidhani nafanya mzaha. Kaondoka amekasirika. Ndiyo kazi yangu hii, nikisema kweli watu huona nachekesha.

Kadii kaleta chai baadaye. Kasema soko zima leo kaseti inalia, kila kibanda. Thuku hajui habari za msiba, ama anajua na biashara ni biashara. Kadii kaiona sura yangu. Kisha kasema: shemeji, lia taratibu tu, kwa sauti ndogo. Ameniambia kwa huruma. Nikashukuru.

Jumanne, 15 Mei 1984

Jua limetoka leo, baada ya mvua yote ile. Kaburi limekwisha chimbwa, nyuma ya mgomba. Sidi yuko chumba cha mbele. Mimi nimejifungia chumba cha nyuma, nimesema navaa kanzu.

Nimekuwa nikijaribu tangu asubuhi. Nauweka mto mdomoni najaribu. Kwanza nilijaribu kulia kama Kombe alivyolia juzi, mguno mzito wa kifuani. Uongo mtupu, mtu angedhani nimeshiba. Nikajaribu kama jirani yetu alivyomlilia mwanawe, kumwita jina tu, jina tu. Sidi. Sidi. Sidi. Hiki kilikuwa kizuri. Nikasema hiki ndicho, Sidi, nimekupatia. Nikakirudia. Mara ya tatu nikajisikia ninahesabu pumzi. Niko mazoezini! Mke wangu kalala chumba cha pili na mimi nafanya mazoezi! Nikajichukia.

Hapo ndipo nikamwona. Si mzuka, la. Nilimkumbuka sakafuni kule Mombasa, mkono juu ya tumbo, akinikonyeza nianze upya. Hasira yote ikanitoka. Mto nikausahau.

Kikatoka chenyewe. Chote. Kutoka chini hadi juu, na pale kinapokatika, na kwikwi zote. Sikusema lile neno la nazi. Naapa sikulisema. Nililia tu.

Kule nyuma jikoni wanawake wako kwenye vibao vya mbuzi, wanakuna nazi za wali wa matanga, nilikuwa nawasikia muda wote huu, kru kru kru. Wakanyamaza. Kimya. Nikadhani wamenielewa. Nikadhani sasa watapokea.

Kikapita kitambo. Kitambo kilekile hasa cha Sidi.

Halafu mmoja wao, sijui nani, sauti ya msichana, nadhani lilimponyoka tu:

"Kuna mwenyewe!"

Wamecheka. Jamani, wamecheka wote. Kadii anawakemea na yeye mwenyewe sauti inamtetemeka. Wengine wamekimbilia nje.

Kombe anagonga mlango. Mlamu, anasema, watu wamesimama. Toka ufungue kilio.

Nimevaa kanzu. Anagonga tena