Mke Mwenza Mwenye Mabehewa Kumi na Sita

Baba Rukia,

Rehema za Mungu zikufikie huko Tabora ulikolala, ubavuni mwa mama yako. Nimemaliza kuswali adhuhuri, msala sijaukunja, nimekaa juu yake nakuandikia. Najua karatasi haifiki kaburini. Dua ndiyo inayofika, na hiyo hainipiti swala hata moja. Lakini kuna mambo naona haya kuyapeleka kwenye dua. Nimwambie Mungu kwamba naionea wivu kampuni ya reli ya Wajapani? Bora nikwambie wewe.

Sisi hatujambo. Rukia yuko mwaka wa pili chuoni hapa Guangzhou, ufadhili bado wanampa, na Kichina kinamtoka utadhani alizaliwa nacho. Mimi bado nimepanga chumba Sanyuanli, karibu na ofisi za kago zinazosafirisha mizigo kwenda kwetu. Asubuhi nakwenda soko la Shisanhang kununua nguo za watoto kwa jumla, mchana nafunga mizigo. Nikitaja bei yangu wenye maduka wananiambia "mei you", yaani hakuna, huku wanacheka, nami nakaa kwenye kigoda chao mpaka ipatikane. Mimi huyu, niliyekuwa naogopa kwenda mnadani bila wewe.

Sasa nikueleze. Siku ya kwanza kupanda treni yao ya chini ya ardhi nilimwona dereva ametoka kwenye chumba chake, amesimama wima, glavu nyeupe mikononi. Akanyoosha kidole kwenye milango, akatamka maneno yake, akarudi ndani.  Nilikuwa kama mwanamke aliyekutana na mke mwenzake sokoni, mwenziwe kajipamba, wala hana habari naye. Maana kidole kile nakijua. Nimekaa nacho ndani ya nyumba.

Ulipochaguliwa kwenda Japani kwa mafunzo ya reli miezi mitatu ulikuwa gadi wa treni, una filimbi yako na bendera yako ya kijani, na ukirudi safari jambo la kwanza ulikuwa unaniuliza mimi nimeshindaje. Uliporudi kutoka kule ukaanza kukagua. Unasimama mlangoni, unanyoosha kidole kimoja baada ya kingine: "Jiko, limezimwa. Dirisha, limefungwa. Ufunguo, upo." Kisha "Sawa", kwa sauti, mtaa mzima unasikia. Hata msikitini ulivinyooshea viatu vyako. Watoto wakakupa jina la Bwana Sawa. Wewe ukacheka, ukasema kule kila mfanyakazi hufanya vile, kwa sababu jicho peke yake husinzia, lakini jicho na kidole na mdomo vikienda pamoja havisinzii.

Na hadithi za reli ya kule hazikuisha. Kwamba zamani reli yao ilikuwa ya serikali kama yetu, ikagawanywa, ikawa kampuni kadhaa, na hii iliyowapokea ninyi ni kubwa mno, ina maduka na hoteli ndani ya stesheni zake. Kwamba treni ikichelewa kidogo tu wanawaomba abiria radhi. Kwamba kondakta akiingia kwenye behewa anawainamia watu, hata waliolala. Ukaja kuwainamia abiria wa kwetu siku treni imechelewa tangu jana yake, na yule bibi mwenye kapu la kuku akakuuliza, "Baba, umeangusha nini?" Nilicheka na wote. Lakini moyoni nilikuwa nauliza, mbona mimi hajaniinamia?

Nilipokwambia kwamba umeniolea mke mwenza, ulinijibu, "Mama Rukia, mke mwenza gani huyo ana mabehewa kumi na sita?" Ukadhani natania.

Zile glavu walizokupa hukuniruhusu kuzifua. Kanzu yako ya Idi nafua mimi, shuka nafua mimi, glavu unafua mwenyewe, unazianika kivulini zisibadilike rangi. Redio iliposema reli yetu nayo itabinafsishwa, ulifurahi peke yako Tabora nzima, ukasema sasa na sisi tutakuwa kama wao. Kilichokufikia wewe ni barua ya kupunguzwa kazini. Nisamehe, Baba Rukia. Siku ile nililia mbele yako, lakini kuna kona ya moyo wangu ilisema, afadhali, sasa atarudi kwangu. Nimeomba toba kwa hilo, na bado naomba.

Halafu ukaugua. Ile asubuhi ya mwisho shekhe alikuwepo, ukatamka shahada vizuri, alhamdulillahi, kila mtu alisikia. Mimi nilikuwa nimebanwa kati ya kitanda na ukuta, nimekushikia kikombe cha maji.  Kisha ukainua mkono, ukanyoosha kidole upande wa ukutani, ukasema, "Sawa." Ukaenda zako.

Shekhe alisema kidole kile ni cha shahada, nishukuru. Nikaitikia. Lakini mimi niliujua mnyoosho ule. Nikasema moyoni, hata hapa, mume wangu anakagua treni ya watu. Neno lake la mwisho amelipa behewa. Miaka miwili hii nimelibeba hilo, sikumwambia hata Rukia. Nilikuja nalo mpaka China.

Sasa sikia alilofanya mwanao. Aliokota kadi yenye anwani ya yule Mjapani aliyekufundisha kule, ndani ya sanduku lako nililokuja nalo, akamwandikia kwamba umefariki, bila kuniuliza. Yule mzee akajibu kwamba amestaafu, lakini anakuja kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, hapa hapa Guangzhou, kukisaidia kiwanda kimoja cha kwao kinachotengeneza vifaa vya milango ya treni, na angependa kumwona mjane. Nilikataa. Rukia akaninunia siku tatu. Mwishowe nikakubali, na nikwambie ukweli, nilikubali kwa shari. Nilizifunga zile glavu kwenye kitambaa nikazitia mkobani. Nilitaka nizirudishe. Nimwambie, chukueni chenu, mmekaa na mume wangu vya kutosha.

Tulimkuta nje ya ukumbi, mzee mwembamba, tai imenyooka. Akaniinamia mpaka chini. Wallahi nilitazama sakafuni nione ameangusha nini. Rukia akanifinya.

Tukakaa. Yeye anasema Kiingereza, Rukia ananigeuzia kwa Kiswahili. Akasema ulikuwa mwanafunzi mzuri, ila ulikuwa na kosa moja ambalo hakuliweza. Nikakaza mkono kwenye mkoba. Akasema kila asubuhi mlikagua behewa la mazoezi, kila mtu kwa lugha yake: taa, milango, saa. Wewe ukishamaliza saa uligeuka, ukanyooshea kidole ukuta mtupu, ukasema "sawa". Ukuta haumo kwenye orodha. Alikukanya mbele ya wenzako, akakukanya tena. "Usinyooshee usichokiona, hapo ndipo ajali huanzia." Mara ya tatu ndipo ulipomjibu kwamba upande ule ni Afrika, na mkeo saa zile amelala peke yake, unaangalia kama amelala salama.

Yule mzee akasema alikuandikia kosa kwenye daftari lake. Akasema mpaka leo hana hakika kama alifanya vizuri.

Rukia alinigeuzia mpaka neno la mwisho. Mimi sikulia pale. Nilikuwa narudi kwa mawazo chumbani kwetu Tabora, naupima ukuta ule. Nimekaa wapi mimi? Kikombe nimekishika kwa mkono upi? Baba Rukia, kati ya kidole chako na ukuta nilikuwepo mimi. Hapakuwa na kitu kingine upande ule.

Glavu sikuzitoa. Tulipoagana naye nilimwinamia, vibaya vibaya, ushungi ukanidondoka. Asubuhi ya leo nimezifua, kwa mara ya kwanza kwa mkono wangu, na nimezianika kivulini kama ulivyotaka.

Usidhani wivu umeisha wote. Sasa naona wivu kwa jingine: kwamba kidole kile kilichokuwa changu, yule mzee na kampuni yake walikiona kila asubuhi miezi mitatu, na mimi nimekuja kuambiwa nchi ya watu, wewe ukiwa chini ya udongo. Kwa nini hukuniambia? Ungenisimulia treni moja pungufu ukaniambia hilo.

Lala salama, mume wangu. Mungu akupanulie kaburi lako na akutie nuru. Ninachokuahidi ni hiki. Kila asubuhi kabla ya kutoka, nikishakagua jiko, dirisha na ufunguo, maana siku hizi na mimi nakagua, nitageuka upande wa Tabora, kwenye ukuta huu wa Mchina wenye rangi iliyobanduka, ninyooshe kidole. Hakuna kinachoonekana. Nitasema sawa.

Mkeo,
Mama Rukia