Tiki Zilizogeuka Nne

Jumatatu, 8 Novemba 1999
Nthoki, mwenyekiti wetu sisi tuliohamishwa, amekuja kwangu mtaani Mowlem na barua. Waliojenga bwawa juu ya kijiji chetu mwaka wa 1974 sasa watatugawia mashamba na nyumba. Miaka ishirini na mitano! Sharti: kila familia ijaze fomu ya kompyuta, ukurasa mmoja, imfikie wakili wao kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Maswali wametupa. Fomu tujitengenezee. Familia thelathini na moja.

Jumanne, 9 Novemba
Mtaa wa Buruburu, kwa Mbithe, binti wa marehemu kaka yangu. Ana ofisi ya kuchapa. Ametengeneza fomu ya PDF — unabonyeza kisanduku, tiki inatokea. Miaka yangu yote ya ukarani kortini sikuona fomu safi hivi. Nikajaza yangu. "Umeoa au umeolewa?" Nikaweka tiki. Mbithe akanitazama. Mke wangu Mwelu alifariki mwaka wa tisini. Mtoto mwenye adabu, akarudi kwenye kibodi yake. Nikaiacha.

Jumatano, 10 Novemba
Aibu! Kanisa la Shauri Moyo ndilo linalotudhamini, kwa hiyo lazima lisome kwanza. Teresiah, katibu, akafungua disketi, akakohoa. Programu yake si ile ya Mbithe — kila tiki imekuwa 4. Nina wake wanne. Nthoki, mjane, ana waume wanne. Teresiah akauliza polepole kama mchungaji anajua.
Nthoki alicheka hadi akatafuta kiti. "Mmoja nilimzika. Hao watatu wako wapi? Waje wanibebee maji!" Kisha kwangu: "Na wewe, Karani, kumbe!"

Alhamisi, 11 Novemba
Mbithe anaeleza: tiki ni herufi ya fonti, yaani mkusanyo maalumu wa herufi. Kompyuta isiyo nao huonyesha namba iliyojificha nyuma yake. Akajaribu neno "Ndiyo". Kwenye kompyuta ya wakili likakatwa, likabaki "Nd". Akapanua visanduku — kurasa mbili! Mwishowe akaweka X ya kawaida. Buruburu sawa, Shauri Moyo sawa, kwa wakili sawa. Nikapiga makofi.
Peke yangu. Nthoki akasema X hapana. Wazee wote, hapana.
Mwaka ule wa bwawa wapimaji walipita na kopo la rangi nyekundu. Kulipokucha kila mlango ulikuwa na X. Tingatinga likafuata.
"Ni herufi tu, susu," Mbithe akambembeleza, kama mjukuu kwa bibi yake.
"Hata ile ilikuwa herufi tu, mjukuu wangu."

Ijumaa, 12 Novemba
Saa tano na nusu, benchi la Mbithe. Thelathini wamekubali, baada ya maneno mengi. Teresiah amezipitisha. Imebaki ya Nthoki — na bila fomu ya mwenyekiti, wakili hapokei hata moja.
Ameshika panya wa kompyuta kama jiwe la kusagia. "Nyumba yako ilibomolewa?" Akabonyeza. X. "Hapo sawa. Hapo ni kweli." "Umeoa au umeolewa?" X. Huyo mmoja, asema, anamtosha.
La mwisho: "Uko tayari kuhamia nyumba mpya?"
Kidole kimesimama hewani. Mbithe anatazama saa. Mimi naandika, nisitazame kidole.
"Karani," asema bila kugeuka, "waandikie hapo kando: mlango nitaupaka rangi mwenyewe."
Hakuna kisanduku cha maneno hayo.
Mbithe amevuta pumzi. Ameanza kukichora. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili —