Mwaka Mpya Bila Nyuki

Maramba,
1 Januari, 1994

Kaka Yona,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta huko Morogoro u mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba lile goti lako halikusumbui sana na baridi ya mvua. Sisi hapa tumeuvuka mwaka salama. Mama watoto hajambo, Blessing ameingia darasa la nne na ameanza kunisahihisha Kiswahili changu, na mahindi ya bondeni yamekubali ingawa vuli ilikuja kwa kusitasita.

Kila mwaka mpya nimekuwa nikikuandikia habari za timu yetu ya Nyuki tangu Januari hadi Desemba, nani alifunga na nani alitupa penalti, nawe hujibu kwamba umesoma barua huku umesimama. Ya mwaka huu, kaka, naomba uisome umekaa.

Unajua tangu korona, ile mitambo ya kusindika mkonge, izimwe hapa shambani watu wametawanyika. Mashine zimekaa kimya, majani yamepanda hadi kwenye reli za matroli, na kambi ya juu karibu yote imebaki kuta. Vijana waliokuwa wakisubiri saa ya kutoka kazini ili wakimbilie uwanjani, sasa mmoja anauza mitumba Ngamiani, mwingine kavuka mpaka kwenda Mombasa, wengine wamekwenda Mererani kuchimba. Hatuwalaumu, hata wewe uliondoka. Waliobaki, jioni wanakwenda kwenye banda la video la Taizoon, yule mtoto wa Gulamabbas wa dukani, kutazama Wazungu wakicheza kwenye majani mazuri kama zulia. Mimi nilikwenda mara moja. Ni mpira mzuri, siwezi kukataa, lakini nilipiga kelele peke yangu kama mwehu, watu wakanigeukia, nikanyamaza. Sikumjua mchezaji hata mmoja, wala mama yake.

Mwaka mzima nimeifuata Nyuki kama nilivyoifuata tangu utoto. Nilikwenda nayo Muheza juu ya magunia ya machungwa. Nilikwenda nayo Duga, mvua ikatupiga, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa. Karibu kila pahali tulifungwa. Ushabiki wetu ulikuwa umebaki mimi na Mama Beatrisi na debe lake. Yule mama hajabadilika. Mumewe amekufa, wanawe wameondoka, lakini siku ya mechi anafunga kanga kiunoni, analipiga debe utadhani uwanja umejaa. Unamkumbuka mwaka ule wa shida, nguo hazionekani dukani hata kwa kibali, alivyotushonea jezi kwa magunia ya unga? Gulamabbas mzee alitoa manjano ya kupikia, zikachovywa, na nyinyi mkacheza kipindi cha kwanza mkatoka na miili ya njano mpaka masikioni. Ulidaka kila kitu siku ile. Baba hakulala, alizunguka kambi nzima akisimulia.

Sasa nikueleze mechi ya siku ya pili ya Krismasi, tuliyocheza na Nyota Njema ya mjini kama desturi. Saa kumi ilipofika, sisi tulikuwa wachezaji wanane. Wanane, kaka, dhidi ya Nyota Njema! Kocha alinitazama, nikamtazama, akanirushia jezi. Nikaivaa na tumbo langu hili, nikawekwa beki wa kushoto. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa matano. Watu wa mjini hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Zamani wangecheka, wangetuita manamba, nasi tungepandwa na hasira tukawarudishia. Safari hii walikaa kimya kama watu waliofika msibani.

Kisha mwenyekiti wao, Mzee Kombo, akaja tulipokuwa tumeketi. Akatusalimu, akasema kama hatutaona vibaya atatuazima vijana watatu ili mchezo uwe mchezo. Nilitamani nimtukane. Kocha akakubali, nami nikavua jezi nikatoka. Wakaja watatu, na mmoja wao, Idarusi, mjukuu wa Kombo mwenyewe, akavua jezi nyeupe akavaa ya kwetu, yenye mistari. Kaka, yule kijana alicheza kama aliyezaliwa kambini. Alitufungia mabao mawili dhidi ya wenzake, akapiga la tatu likagonga mwamba, akaanguka akapiga ardhi kwa ngumi. Mama Beatrisi aliacha kupiga debe. Nilidhani amefurahi kupita kiasi, lakini nilipomkaribia nikaona analia. Aliniambia, "Kristofa, sasa hata magoli yetu tunaazimwa."

Tangu siku ile nimekuwa nikimwaza baba. Ulikuwa mkubwa kuliko mimi, pengine unakumbuka vizuri zaidi alivyokuwa akisimulia. Yeye na wenzake walitoka Songea na nambari shingoni, wakakata mkonge wiki nzima, na Jumapili walipokwenda uwanja wa mjini wakiwa na mpira wao wa matambara wakaambiwa manamba hawachezi pale. Wakarudi, wakafyeka kichaka, wakajitengenezea uwanja na timu yao, hii Nyuki. Ndiyo maana hadi anakufa hakukanyaga uwanja wa mjini ila kwenda kuwafunga. Na ndiyo maana nachelewa kufika kwenye jambo lenyewe.

Jana, mchana wa kufunga mwaka, kulikuwa na mkutano katika darasa la shule ya msingi. Mzee Kombo alikuja na wazee wake wawili. Alizungumza kwa adabu. Alisema na wao wamechoka, wachezaji wao nao wanakimbia, wafadhili hakuna, na chama cha mpira cha wilaya hakitasajili timu isiyotimiza wachezaji. Akaomba timu mbili ziwe moja, iitwe Maramba Umoja, ichezee uwanja wa mjini, jezi ya kijani, ili asiwepo wa kusema rangi yake imemezwa. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba yaliyosemwa zamani juu ya manamba yalisemwa na baba zao, naye alikuwepo, tena alicheka. Sikutegemea kusikia hayo katika uhai wangu, na nikawaza kwamba aliyestahili kuyasikia amelala makaburi ya kambini.

Wageni walitoka nje ili wanachama wa Nyuki tuamue. Mwenyekiti wetu akasema wanaokubali wasimame upande wa dirishani, wanaokataa upande wa mlangoni. Watu wakagawanyika. Mimi nilibaki katikati kwenye madawati. Mwenyekiti akahesabu, akahesabu tena, pande zikawa sawasawa. Akasema, "Kristofa, umebaki wewe." Mama Beatrisi alikuwa mlangoni na kanga yake ya mechi. Alininyooshea mkono akaniambia kwa upole, "Njoo, mwanangu, huku ndiko kwenu."

Kaka Yona, nilikwenda dirishani.

Mimi ndiye niliyeimaliza Nyuki. Si mjini, si shamba, si chama cha wilaya. Ni mtoto wa mtu aliyeianzisha. Nilimwona Idarusi akipiga ardhi kwa ngumi, nikawaona wale vijana wetu wanane, nikasema moyoni kwamba heri wacheze popote kuliko wasicheze kabisa. Nadhani niliamua sawa. Lakini sikujua kwamba mtu anaweza kuamua sawa na bado moyo ukamchoma hivi. Hakuna aliyeshangilia. Mama Beatrisi alitoka akaenda zake. Usiku hatukupiga kelele za mwaka mpya hapa kwangu, niliwaambia watoto nina homa.

Leo baada ya Misa nilimngoja Mama Beatrisi nje ya kanisa. Niliogopa kama mtoto. Nilimpa shikamoo na heri ya mwaka mpya, akaitikia vyote viwili akitazama barabarani. Nikaanza kujieleza, akaninyamazisha kwa mkono. Akaniuliza kama nimekuandikia. Nikasema bado. Akasema, "Mwandikie leo leo. Yule alivunjika goti kwa ajili ya timu ile, asije akasikia kwa watu." Kisha akajitwisha kikapu chake akaenda zake, nami sikuthubutu kumsaidia kukibeba.

Basi nimekuandikia. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, mradi uandike. Umoja itacheza mara ya kwanza Jumatatu ya Pasaka, uwanja wa mjini. Nitakwenda, kwa kuwa sijui pa kwenda pengine siku ya mechi. Sijui kama nitaweza kupaza sauti.

Msalimie sana shemeji, na watoto mmoja mmoja. Mama watoto anakusalimu, na Blessing anasema baba mkubwa umemwahidi kalamu ya wino. Mungu awalinde katika mwaka huu.

Ni mimi mdogo wako,
Kristofa