Kigoda cha Bibi Mwalimu

Jumatatu, 9 Rajabu 1330

Nimefagia kibaraza, nimetandika mikeka, nimeosha mbao za watoto za kuandikia. Kila siku hivyo hivyo tangu nikiwa mdogo. Leo hakuna wa kuwasomesha. Bibi tulimzika juzi.

Bibi Mwanakheri, mama yake mama, aliyenilea. Alikuja hapa Bugene na babu kutoka Pangani, akafungua chuo cha Kurani nyuma ya duka letu. Watoto wa Waswahili, watoto wa Wanyambo, wote mkeka mmoja. Mtoto akikosa kuja, Bibi alimfuata kwao kwa miguu, hata Ihanda. Akimkuta na homa, alimsomesha hapo hapo kitandani. Mkali ajabu. Nilimpenda. Alinichosha pia.

Ijumaa nakwenda Tabora. Juma, mume wangu, amemtuma mnyapara wa msafara anichukue. Nilikaa huku kumuuguza Bibi. Sasa nafasi ipo, nami nalia tu.

Jumanne, 10 Rajabu

Tumeondoa matanga. Majirani walijaa uani, na mikungu ya ndizi. Nilihudumu tangu alfajiri, miguu ikawaka moto. Nikakaa kwenye kigoda cha Bibi, kile alichosomeshea. Kukaa tu, nipumzike.

Wanyambo wote wakageuka kunitazama. Kisha wakapiga makofi. Mzee Kaijage, jirani yetu, mvi tupu, akapiga goti mbele yangu.

“Shikamoo, Bibi.”

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Jumatano, 11 Rajabu

Sasa nimeelewa. Kwao, anayekalia kigoda cha marehemu siku ya kuondoa matanga ndiye musika, mrithi wake. Anarithi kazi, anarithi hata kuitwa bibi. Mimi ningejuaje? Bibi hakuniruhusu kwenda misiba yao hata siku moja.

Mjomba Salum, mwenye duka, anajua mila zao zote. Aliniona nakaa. Hakunivuta mkono. Eti alidhani nimeamua mwenyewe. Mwongo mkubwa.

Alhamisi, 12 Rajabu

Watoto wamekuja bila kuitwa. Kibaraza kimejaa. Mama zao wamekaa uani, wananitazama mimi.

Nimemwambia Mjomba kwamba kesho naondoka.

“Ukiondoka, Kaijage atasema tumemdharau marehemu. Na duka hili limo ndani ya kibanja chake, mwanangu. Tutahamia wapi? Mwambie Juma aje yeye.”

Juma hawezi kuja. Ana mama kipofu. Mjomba analijua hilo pia.

Nina hasira. Namkasirikia hata Bibi. Asingenifundisha kusoma, nani angenitaka hapa?

Ijumaa, 13 Rajabu

Msafara umeondoka. Nimesikia baragumu nikiwa jikoni. Nilikuwa nimefunga mzigo. Nimeufungua.

Mjomba ameniletea kanga mpya. Sijaigusa.

Jumapili, 15 Rajabu

Kila ninapopita, shikamoo Bibi, shikamoo Bibi. Wanawake wa rika la mama yangu. Nikienda kisimani wananinyang’anya mtungi, eti mwalimu habebi maji. Hata kisimani siendi tena. Nazunguka uani kama mbuzi kambani.

Jumatatu, 16 Rajabu

Hali ya hewa nzuri. Tumesoma kibarazani.

Koku, mjukuu wa Kaijage, hakuwa akijua hata alifu kwa ujiti. Bibi alimrudisha nyuma kila siku, naye kila siku alilia. Leo amesoma mstari mzima peke yake, bila kuonyeshwa kwa kijiti. Akaninyanyulia uso. Nikampigia vigelegele mpaka Mjomba akatoka dukani kutazama kuna nini.

Adhuhuri, nikikunja mikeka, nimegutuka. Asubuhi yote sikumkumbuka Juma.