Bibi Mbele ya Kamera Mbili

Mama, shikamoo. Moshi kuna baridi, na mlima umejifunika mawingu tangu nifike.

Mwenzio wivu unaniua. Nilipochagua kamera ya mfukoni nilijiona mjanja, kwa kuwa ni nyepesi. Doreen wa mjomba kaja na ile kubwa ya lenzi ndefu, na hapa kihambani, kwenye migomba ya Bibi, kila mtu anamwita yeye tu. Bibi alipoiona aliacha ndizi alizokuwa akimenya, akavaa kitenge cha kanisani, akakaa wima kama askofu. Picha imetoka nzuri kweli.

Doreen alipoingia ndani kubadili lenzi, Bibi akarudia ndizi zake za supu ya mtori. Nikatoa kakamera kangu.

"Na hako nako kanapiga?" akauliza, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Nikabonyeza.

Doreen alipoiona picha hiyo akasema, "Dada, naomba unitumie."

Nimemnyima. Yeye anazo nyingi. Hii nimeisafisha mjini, nikakuandikia mgongoni mwake. Igeuze, umwone mama yako anavyocheka. Pole na mguu uliokuzuia kuja. Nakupenda.

Mwanao, Anna